Spa ya kifahari mlimani: Panda na akiba yako, usipande na deni

UMEZIONA hizo picha. Bwawa la maji moto linafuka mvuke asubuhi na mapema, Mlima Kenya umesimama nyuma, na mtu aliyevaa joho jeupe la taulo ameshika kikombe cha chai kana kwamba hana bosi, hana kodi ya nyumba, wala hayumo kwenye kundi lolote la WhatsApp la michango ya harusi. Unasukuma skrini juu uone picha nyingine, lakini moyo umebaki pale pale. Na mimi je, lini?

Hilo si swali la kuonea aibu. Kijana anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu, anayeshinda ofisini au dukani hadi jioni, kisha anarudi nyumbani kwa foleni ya saa mbili, ana kila sababu ya kutamani mahali patulivu. Shida ni kwamba mtandao unakuonyesha bwawa, haukuonyeshi bili. Haukuambii unalipia nini hasa, uulize nini kabla ya kutuma pesa, wala nini kitakupata ukiwa pale ndani na hujui mambo yanavyoendeshwa.

Basi twende pamoja hatua kwa hatua, kutoka kupiga simu hadi kulipa. Na ukisahau mengine yote, shika hili moja: ukinunua pumziko kwa mkopo, utarudi mjini umechoka kuliko ulivyoondoka.

Kwa nini mlima?

Tuchukue Mlima Kenya, kwa sababu ndio ambao wengi wetu tunaweza kuufikia kwa muda wa nusu siku kutoka Nairobi. Kilele chake kirefu zaidi, Batian, kina mita 5,199 juu ya usawa wa bahari. Nelion kina mita 5,188, na Lenana, ambacho ndicho wapandaji wengi wa kawaida hufika, kina mita 4,985. Majina hayo matatu yanatokana na viongozi wa kidini wa Wamaasai. Wakikuyu wao wameuita Kirinyaga tangu jadi, na kuuheshimu kama makao ya Ngai. Mwaka 1997 UNESCO iliuweka katika orodha ya turathi za dunia.

Usidhani hoteli ziko huko juu kwenye miamba. Nyingi ziko chini, pembeni mwa msitu, upande wa Nanyuki, Naro Moru na Timau, mahali ambapo ardhi iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ikweta inapita papo hapo Nanyuki, lakini usiku unahitaji blanketi mbili. Kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10, na ndiyo maana vyumba vingi vya hoteli hizi vina meko ya kuni.

Hapo ndipo unapoanza kuelewa kinachouzwa. Kitanda kizuri hata mjini kipo. Mlimani unauziwa vitu vitatu ambavyo mtaa wako hauna: baridi, giza na kimya. Hakuna spika ya mhubiri wa keshia, hakuna matatu inayopiga honi saa tisa usiku, hakuna jirani anayehamisha viti ghorofa ya juu. Mwili uliozoea kelele hushtuka usiku wa kwanza. Usiku wa pili unalala kama mtoto.

Ukitaka kuuona mlima wenyewe, amka mapema. Asubuhi anga huwa wazi, na kufikia saa nne hivi mawingu huanza kufunika vilele. Miezi mizuri ni Januari na Februari, halafu kuanzia Julai hadi Septemba. Ukienda wakati wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, unaweza kukaa siku mbili na kurudi bila kuuona hata mara moja. Hata hivyo, msimu huo ndio bei hushuka, kwa hivyo ni wewe uamue unachotaka zaidi, mlima kwenye picha au chenji mfukoni.

Lango lilikuwa la nani?

Kuna jambo ambalo vijana wengi hulihisi lakini hawalisemi. Unafika kwenye lango kubwa, askari anakutazama juu hadi chini, na ndani yako kunasikika sauti: ‘Hapa si pa watu kama mimi.’ Sauti hiyo haikuanza na wewe. Ina historia.

Sehemu kubwa ya ardhi hii ilikuwa ndani ya maeneo ambayo serikali ya kikoloni iliyatenga kwa walowezi wa Kizungu. Mwafrika aliingia humo kama mpishi, mtunza bustani au kibarua wa shamba. Hoteli mashuhuri kuliko zote upande huo, Mount Kenya Safari Club, ilianzishwa mwaka 1959 na mwigizaji wa Marekani William Holden pamoja na matajiri wenzake, kama klabu ya wanachama. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya uhuru. Katika msitu huo huo, na katika milima ya Aberdare iliyo ng’ambo ya pili, wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wamelala kwenye baridi miaka michache tu iliyotangulia, bila meko wala joho jeupe.

Huko Aberdare ndiko kulikokuwa na Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti. Binti mfalme Elizabeth alikuwa huko Februari 1952 usiku ambao babake, Mfalme George wa Sita, alifariki, naye akawa malkia. Miaka miwili baadaye, 1954, wapiganaji wa Mau Mau waliiteketeza. Ilijengwa upya baadaye.

Nakukumbusha haya si ili uingie na hasira. Nakukumbusha ili ujue kwamba ule woga wa langoni si kasoro yako. Leo mwenye kitambulisho cha Kenya si mgeni wa hisani pale. Ni mteja, tena mara nyingi ana bei yake: hoteli nyingi zina bei ya wakazi, ambayo huwa chini ya ile ya watalii kutoka ng’ambo. Ulizia bei hiyo kwa jina lake, na ubebe kitambulisho kwa sababu watakiomba mapokezini.

Na ukifika kwa bodaboda, fika hivyo hivyo. Kidokezo kimoja tu: piga simu mapema uwaambie utawasili saa ngapi na nafasi imewekwa kwa jina gani, ili askari akute jina lako kwenye orodha. Hapo hata ukishuka na mkoba wa mgongoni na vumbi la Nanyuki kwenye viatu, utaambiwa karibu.

Kabla hujatuma hata shilingi

Bei ya hoteli ni kama maelezo ya dalali wa nyumba: inayosemwa kwanza si yote. Uliza maswali haya, na majibu yaje kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu tu.

Bei ni ya chumba au ya kila mtu? Makosa ya hapa ndiyo huleta ugomvi mwingi mapokezini. Sh28,000 kwa chumba cha watu wawili na Sh28,000 kwa kila mtu ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ndani yake mna milo gani? Kuna bei ya chumba na kiamshakinywa pekee, kuna ya kiamshakinywa na chajio, na kuna ya milo yote mitatu. Mlimani hutatoka nje ukanunue chapo madondo kwenye kibanda. Kibanda kiko mbali, na giza limeingia.

Ushuru umejumuishwa? VAT ni asilimia 16, na tozo ya utalii ni asilimia 2. Bei ya Sh20,000 ambayo haijajumuisha hizo mbili huishia kuwa Sh23,600. Bado kuna hoteli zinazoongeza malipo ya huduma.

Spa imo au ni bili tofauti? Mara nyingi bwawa, sauna na chumba cha mvuke ni bure kwa aliyelala pale, lakini masaji hulipiwa peke yake. Usidhani. Uliza.

Nikighairi je? Jua ni siku ngapi kabla ya safari unaweza kuahirisha au kurudishiwa pesa.

Kisha kuna suala la matapeli. Kurasa bandia za hoteli na za mawakala wa safari zimejaa mitandaoni, zikiwa na picha za kweli zilizoibwa na bei tamu kupita kiasi. Tafuta nambari ya simu kwenye tovuti ya hoteli yenyewe, upige, uulize kama ofa hiyo wanaitambua. Kama unapitia wakala, hakikisha ana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA. Na pesa ziende kwa nambari ya biashara yenye jina la kampuni, si kwa nambari ya mtu binafsi anayekuambia ati mashine ya ofisi imeharibika.

Safari ya kupanda

Kutoka Nairobi hadi Nanyuki ni takriban kilomita 200. Matatu hupitia Thika, Kenol, Sagana na Karatina, halafu Naro Moru, na barabara ikiwa nzuri unafika kwa muda wa saa tatu na nusu hadi nne. Karatina ukishuka kunyoosha miguu, nunua matunda ya kutosha. Ndani ya hoteli bei ya sahani ya matunda itakufanya ukumbuke soko hilo kwa heshima.

Njia nyingine ni reli. Treni ya abiria ya Nairobi hadi Nanyuki ilirejea Desemba 2020 baada ya kusimama kwa miaka mingi. Si ya haraka, na haiendi kila siku, kwa hivyo angalia ratiba kabla ya kupanga siku za kulala. Lakini kama hujawahi kuona mashamba ya Murang’a kupitia dirisha la treni, safari yenyewe ni nusu ya likizo.

Ukishuka Nanyuki utakuta bango la Ikweta na jamaa wenye beseni na njiti, watakaokuonyesha jinsi maji yanavyozunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili. Ni mchezo mzuri, na mwache mwenzio apate riziki, ila usirudi nao kama somo la fizikia. Mzunguko wa dunia hauwezi kugeuza maji ya beseni dogo namna ile. Ujanja uko kwenye mkono unaoyamimina.

Kama unatoka Mombasa au Malindi, jipe saa kadhaa za kuzoea. Umetoka usawa wa bahari hadi mita 2,000, ambapo kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 80 ya ile uliyoizoea. Ngazi chache zinaweza kukupandisha pumzi, na kichwa kikauma kidogo. Kunywa maji, tembea polepole, na usianze jioni ya kwanza kwa pombe. Wa Nairobi hawana kisingizio. Wao tayari wanaishi kwenye mita 1,700 na kidogo.

Beba sweta nzito, soksi, nguo ya kuogelea na ndara. Joho utalikuta chumbani. Ni la kuvaa ukielekea spa na kurudi, si la kubeba nyumbani. Likikosekana, litaonekana kwenye bili.

Ndani ya spa

Neno lenyewe ni jina la mji. Spa ni mji mdogo wa Ubelgiji ambao watu wa Ulaya walikuwa wakiuendea kunywa na kuoga maji yake yenye madini, wakiamini yanaponya. Jina likaenea likawa la kila mahali pa aina hiyo.

Lakini mambo yenyewe si mageni kwetu. Muulize mtu wa Lamu au wa Mji wa Kale, Mombasa, kuhusu singo. Bi harusi hukaa ndani siku kadhaa, akisingwa kwa mchanganyiko wa maua, liwa na manukato hadi ngozi inang’aa, huku akina mama wakimpa nasaha. Hicho ndicho spa inakuuzia kwa saa moja ikiwa na jina la Kifaransa. Na chumba cha mvuke? Nyanya yako alikufunika blanketi juu ya sufuria ya mwarobaini au mkaratusi ulipokuwa na homa. Kujifukiza tu, ila hapa kuna marumaru na muziki wa filimbi.

Usichanganye chumba cha mvuke na sauna. Chumba cha mvuke kina joto la nyuzi 40 na kitu, lakini hewa yake imejaa maji, kwa hivyo unaloa papo hapo. Sauna ni chumba cha mbao chenye joto kavu, mara nyingi kati ya nyuzi 70 na 100. Ilitoka Finland, nchi yenye watu milioni tano na nusu na sauna zinazokadiriwa kufika milioni tatu. Utamaduni wao huo uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2020. Mwaka 2015 watafiti wa nchi hiyo walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume zaidi ya 2,300 kwa takriban miaka 20. Waliotumia sauna mara nne hadi saba kwa wiki walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko waliotumia mara moja. Hiyo haimaanishi kwamba wikendi yako moja ya mwaka itakutibu kitu. Wale waliifanya desturi ya maisha.

Anza na dakika tano hadi kumi, keti benchi la chini ambako joto ni pungufu, toka ukisikia kizunguzungu, kisha maji baridi na mapumziko kabla ya kurudi. Usiingie ukiwa umelewa. Kama una mimba, shinikizo la damu au maradhi ya moyo, zungumza na daktari wako kabla ya safari, na umwambie mhudumu wa spa.

Halafu masaji. Wengi huogopa hapa kwa sababu hawajui watafanyiwa nini, basi jua. Utapewa fomu ya kujaza kuhusu afya yako. Jaza ukweli. Utaachwa peke yako uvue nguo kadiri unavyoona sawa, ulale kitandani na kujifunika shuka. Mhudumu hufunua sehemu anayoikanda tu, mguu au mgongo, kisha anaifunika tena. Una haki ya kuomba mwanamke au mwanamume. Una haki ya kusema ‘punguza nguvu’, ‘hapo usiguse’, au ‘tuishie hapa’. Hakuna atakayekuona mshamba. Anayejua anachotaka ndiye mteja rahisi kuhudumia. Na ieleweke pande zote mbili: hii ni kazi ya kitaaluma, mhudumu si mtu wa kutaniwa matani ya kitandani. Ukivuka mpaka huo, utaonyeshwa mlango na bili utalipa.

Simu iache chumbani. Spa nyingi haziruhusu picha ndani, na kwa sababu nzuri. Yule mama aliye pembeni na joho lake hakuja kuwa kwenye story yako.

Anayekunja taulo

Ukiwa hapo, mtazame anayekunja taulo. Pengine ni rika lako. Pengine alizaliwa kilomita kumi kutoka langoni, na aliona bwawa lile kwa mara ya kwanza siku aliyoajiriwa. Aliwasha meko yako jioni wakati wewe uko mezani, na asubuhi atakuwa kazini kabla hujafungua macho.

Mwite kwa jina lililo kifuani mwake. Msalimie kwa Kiswahili, ‘habari ya asubuhi’, usimwite kwa kupiga vidole. Bahashishi si lazima, lakini ukiweza, panga kabisa kwenye bajeti. Uliza mapokezini kama kuna sanduku la pamoja, maana wanaofua shuka na kuosha vyombo hawaonekani na wageni, na hao ndio hupata kidogo zaidi ukimpa mmoja mkononi.

Ongea nao pia kama unawaza kazi. Sekta hii imeajiri vijana wengi, na Kenya Utalii College imekuwa ikifunza wahudumu na wapishi tangu 1975. Mwenye kukanda mgongo wako anaweza kukueleza njia aliyopitia kuliko kijitabu chochote.

Sasa tuhesabu

Nambari hizi ni za mfano, ili uone hesabu inavyokwenda. Wewe na rafiki, usiku mbili. Chumba Sh28,000 kwa usiku pamoja na kiamshakinywa na chajio, jumla Sh56,000. Masaji moja kila mtu kwa Sh7,000, jumla Sh14,000. Nauli za kwenda, kurudi na teksi ya kutoka mjini, Sh6,000. Chakula cha mchana na vinywaji, Sh10,000. Bahashishi Sh3,000. Jumla ni Sh89,000, yaani Sh44,500 kila mmoja.

Ukiweka takriban Sh5,600 kila mwezi, kwa miezi minane umefika. Ni pesa nyingi, lakini ni zako.

Sasa tuseme huna subira. Umekopa Sh44,500 kwenye programu ya simu inayotoza asilimia 8 kwa mwezi, ulipe kwa miezi sita. Riba peke yake ni Sh21,360, na jumla utakayolipa ni Sh65,860. Angalia vizuri: riba hiyo ingelipia sehemu yako ya usiku mwingine, Sh14,000, na masaji nyingine ya Sh7,000, na bado ungebaki na Sh360 za kununua matunda Karatina. Badala yake umempa mtu ambaye hukumwona hata pale bwawani.

Na hiyo ni kama umelipa kwa wakati. Ukichelewa, simu zinaanza kulia. Jina linaweza kupelekwa CRB, na siku utakapohitaji mkopo wa maana, wa kuanzisha biashara au kumlipia mama hospitali, unaambiwa hustahili. Yaani ule utulivu ulioufuata mlimani unaulipia kwa miezi sita ya kushtuka kila simu inapotetemeka.

Kuna njia ya kati. Hoteli kadhaa na mawakala wenye leseni hukubali ulipe kidogo kidogo kabla ya safari, bila riba. Unamaliza kulipa, ndipo unapanda. Omba risiti kila unapotuma, na ujue sharti la kughairi. Tofauti na mkopo ni moja tu lakini ni kubwa: asubuhi ya Jumatatu ukirudi, hudaiwi na mtu.

Kama bado haijafika

Huenda hesabu hiyo imekukatisha tamaa. Punguza, usikope.

Nenda katikati ya wiki, wakati vyumba viko wazi na bei huteremka. Lala usiku mmoja badala ya mbili, ukifika saa sita mchana na kuondoka kesho yake jioni baada ya kuogelea. Wengi hawajui kwamba baada ya kurudisha ufunguo unaweza kuomba kubaki bwawani, na mara nyingi unakubaliwa. Au uliza kama wanapokea wageni wa mchana. Hoteli kadhaa huruhusu mtu asiyelala alipe chakula cha mchana na kutumia bwawa au sauna. Ukilala kwenye nyumba ya wageni ya kawaida mjini Nanyuki, umeonja yote kwa sehemu ndogo ya bei.

Ukitaka maji ya moto tu bila joho wala filimbi, Bonde la Ufa linayo yake. Pale Olkaria, ndani ya Hifadhi ya Hell’s Gate karibu na Naivasha, kampuni ya umeme ya KenGen ina mabwawa ya kuogelea yanayotumia maji ya mvuke wa ardhini. Watu huenda asubuhi na kurudi Nairobi jioni.

Na lile lililo bora zaidi mlimani halina bili ya spa. Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ikiuma masikio, toka nje umevaa sweta lako, simama penye nyasi zenye umande. Vilele vitakuwa wazi kwa saa chache. Yule wa chumba cha bei ghali na yule wa nyumba ya wageni ya mjini wanaona Batian ile ile.

Anza leo, basi. Fungua akaunti ndogo ya akiba, uipe jina la mlima, uweke ya kwanza kabla mwisho wa mwezi. Halafu mwandikie yule rafiki yako umuulize kama na yeye anaweza Sh5,600.